Sura ya Saba: Sidii ya Pili

Gemu limefika pazuri. Umetembea miji yote, umemshinda mkubwa wa kwanza, hadithi imeanza kukunja kona, mara skrini inakuwa nyeusi na maneno ya Kiingereza yanakuagiza uweke sidii ya pili. Mwaka 1999 mwenye PlayStation halisi alibonyeza kitufe, kifuniko kikaruka juu, akatoa sidii moja, akaweka nyingine, akafunga. Leo gemu hilohilo linachezwa ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo, kwenye simu ya Tecno au Infinix, pengine Sindeni, kati ya Handeni na Korogwe, na simu haina kifuniko. Wengi huishia hapo. Wengine hufanya jambo baya kuliko kuishia: hutoka kwenye gemu, hufungua faili la sidii ya pili moja kwa moja, na kukuta kila kitu kinaanza upya kana kwamba hawajawahi kulicheza.

Ukikaa kwenye kibanda cha fundi simu yeyote anayejua mambo haya, mazungumzo huenda hivi:

“Fundi, gemu linaniambia niweke sidii ya pili. Sasa naiweka wapi?”

“Una mafaili mangapi, mdogo wangu?”

“Manne. Ila nikifungua la pili, nilichosevu chote kimefutika.”

“Hakijafutika. Kipo, ila kwenye faili lingine.”

Fundi anayejibu hivyo ameshamaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuelewa kwa nini kuna mafaili mawili ya kuhifadhia pale ambapo mchezaji alidhani kuna moja, na kwa hilo inabidi turudi nyuma kidogo.

Sidii moja hubeba megabaiti 650 hadi 700. Sony ilipoiingiza PlayStation sokoni Japani, tarehe 3 Desemba 1994, hiyo ilikuwa nafasi kubwa ajabu. Kaseti za gemu za wakati ule zilihesabiwa kwa megabaiti chache tu. Ungedhani hakuna gemu ambalo lingeijaza. Ilijazwa upesi, na kilichoijaza hasa kilikuwa sinema. Kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy VII mwaka 1997 katika sidii tatu, na ukizichunguza zote tatu utaona kwamba sehemu kubwa ya dunia ya gemu, yaani ramani, miji na mapigano, imerudiwa katika kila sidii. Kinachotofautiana zaidi ni vipande vya video vinavyooneshwa katikati ya hadithi. Final Fantasy VIII ya mwaka 1999 ikafika sidii nne. Riven, gemu la mafumbo lenye picha nzito, lilikuwa na tano.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Kwa miaka mingi tulinunua filamu za Bongo katika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila sehemu na sidii yake. Sababu ya kiufundi ilikuwepo, kwani VCD hujaa baada ya dakika 74 hivi, ingawa binafsi naamini biashara ilikuwa na sauti kubwa kuliko ufundi. Kuna hadithi nyingi za sehemu mbili ambazo zingetosha moja na chenji ikabaki. Lakini sehemu ya pili ya filamu ya Kanumba haikukuuliza kama ulitazama ya kwanza. Uliiweka, ikacheza. Sidii ya pili ya gemu inauliza. Inataka kujua una silaha gani, umefika kiwango gani, nani yuko hai na nani amekufa, na majibu hayo yote hayamo ndani ya sidii. Yamo kwenye memori kadi.

Memori kadi ya PlayStation ilikuwa kitu kidogo cha plastiki kilichochomekwa juu ya tundu la pedi. Ilibeba kilobaiti 128 tu, zilizogawanywa katika nafasi 15. Picha moja unayotumiwa WhatsApp leo inaweza kuizidi. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa uzi pekee ulioziunganisha sidii nne ziwe gemu moja. Uliweza kubadilisha sidii, ukazima mashine, hata ukaibeba kadi mfukoni hadi kwa jirani; kadi ilibaki ileile na hadithi ikaendelea.

Gemu lililoonesha jambo hili waziwazi kuliko yote ni Resident Evil 2 ya Capcom, ya mwaka 1998. Lilikuwa na sidii mbili, lakini ya pili haikuwa mwendelezo wa ya kwanza. Moja ilikuwa ya Leon, nyingine ya Claire. Unamaliza hadithi ya mmoja, unasevu, kisha unaweka sidii ya mwenzake na kuifungua kazi yako kutoka kwenye kadi, na gemu linakupa upande wa pili wa usiku uleule kwa kufuata uliyoyafanya. Bila kadi moja inayosomwa na sidii zote mbili, upande huo haufunguki. (Mwaka uliofuata wahandisi wa Angel Studios walilibana gemu hilo zima, sinema zake pamoja, ndani ya kaseti ya Nintendo 64 yenye megabaiti 64. Hadi leo naona kazi ile haijasifiwa inavyostahili.) Gran Turismo 2 nayo ilikuwa na sidii mbili zisizofuatana: moja ya mbio za haraka, nyingine ya kununua magari na kujenga gereji. Sidii ya gereji ilipakwa kitu ambacho ukiikwangua inatoa harufu ya karakana ya magari ya mbio. Hakuna emuleta itakayokurudishia harufu hiyo.

Kwenye mabanda ya gemu ya miji yetu, PlayStation ilichezwa kwa mechi. Unalipa, unakaa na mwenzako, mnacheza mpira, mshindi anabaki na pedi, aliyeshindwa anapisha foleni. Gemu la mpira linaingia kwenye sidii moja na mechi inaisha kwa dakika chache. Hadithi ya saa 40 haikuwa na nafasi katika biashara ya namna hiyo. Nani angekaa kiti kimoja siku nzima, na nani angemvumilia? Kwa hiyo kizazi kizima kilikua kinaijua PlayStation vizuri sana bila kuwahi kuona ombi la sidii ya pili. Wengi wanakutana nalo sasa, wakiwa watu wazima, kwenye simu.

Na hata waliokuwa na mashine nyumbani walicheza zaidi sidii za kunakili, zilizouzwa kwenye mfuko mwepesi wa nailoni. Metal Gear Solid ya Konami, ya mwaka 1998, iliwatesa watu hao kwa njia ya pekee. Mahali fulani unatakiwa kumpigia redio msichana aitwaye Meryl, na ukiuliza namba yake unaambiwa iko nyuma ya kasha la sidii. Si kasha la ndani ya gemu. Ni kasha lile ulilopewa dukani, lenye picha ndogo ya mazungumzo hayo ya redio. Aliyenunua mfuko wa nailoni hakuwa na nyuma ya kuangalia. Namba yenyewe ni 140.15, na anayecheza kwenye emuleta leo yuko katika hali ileile ya mwenye mfuko wa nailoni, basi aiandike mahali.

Turudi kwenye kifuniko. Chini yake PlayStation ilikuwa na swichi ndogo. Ukifungua, kiendeshi kinaiambia mashine kwamba kiko wazi. Ukifunga, sidii inazungushwa, inasomwa, na gemu linakagua kama ndiyo iliyotakiwa. Gemu halijui kitu kingine chochote kuhusu mikono yako. Kwa hiyo emuleta ikitaka kubadilisha sidii lazima iigize mambo hayo kwa mpangilio: ijifanye imefungua, ibadilishe faili, ijifanye imefunga. Kwenye RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta inayotumika sana kwenye simu, hayo yamo katika menyu ya haraka, kwenye kipengele cha udhibiti wa diski. Unagusa cha kwanza kutoa diski, unachagua namba ya diski unayoitaka, unagusa tena kuiingiza, unarudi kwenye gemu na kubonyeza kitufe ambacho gemu linakisubiri. Anayeruka hatua ya kwanza hubadilisha namba bila kufungua kifuniko, kisha anashangaa gemu linasisitiza kwamba sidii ni ileile.

Ila namba za kuchagua hazitakuwepo kama emuleta haijaambiwa kwamba sidii hizo ni za gemu moja. Kuiambia ndiyo kazi yenyewe ya sura hii, na inafanywa kwa faili la maandishi matupu lenye mistari michache.

Sidii ya PlayStation iliyonakiliwa vizuri kwenye kompyuta huwa mafaili ya aina mbili. Kuna faili kubwa la bin, ambalo ni sidii yenyewe baiti kwa baiti, na faili dogo la cue, ambalo linaeleza sidii hiyo ina njia ngapi na kila njia inaanzia wapi. Faili la cue limeandikwa ndani yake jina la bin. Ukilibadilisha jina bin kwa sababu unapenda jina zuri zaidi, cue linaendelea kutafuta jina la zamani na gemu halifunguki. Fungua cue kwa programu ya kuandikia na urekebishe humo pia. Gemu la sidii nne basi lina jozi nne, na jozi zote zikae folda moja. Mimi huyapa majina mafupi yasiyo na nafasi katikati, kisha naandika faili la tano lenye maneno haya tu:

FF8-1.cue
FF8-2.cue
FF8-3.cue
FF8-4.cue

Nalihifadhi kwa jina FF8.m3u, folda ileile. Basi. Aliyewahi kutumia Winamp kwenye kompyuta za zamani analijua faili hili: ni lile lile la orodha ya nyimbo. Waandishi wa emuleta walilichukua kwa sababu lilikuwa tayari, na mpangilio wake hauhitaji kufundishwa. Mstari wa kwanza ndiyo diski ya kwanza, wa pili ndiyo ya pili. Herufi kubwa na ndogo ziandikwe kama zilivyo kwenye mafaili, kwani mifumo mingine huzitofautisha.

Mtego mmoja hapa huwanasa watu wengi: programu za kuandikia, kwenye simu na kwenye Windows pia, hupenda kuongeza mkia wa txt bila kukuuliza, kisha huuficha. Unaona FF8.m3u, kumbe jina kamili ni FF8.m3u.txt, na emuleta inalipita kama haijaliona. Iamuru simu au kompyuta ioneshe mikia ya majina, uufute wa ziada.

Baada ya hapo unafungua faili la m3u peke yake. Usiguse tena mafaili ya cue. Na sababu si usafi wa folda, ni memori kadi.

RetroArch hulitengenezea kila gemu kadi ya bandia, faili lenye mkia wa srm, na hulipa jina la faili ulilofungua. Ukifungua FF8-1.cue, kadi inaitwa FF8-1.srm. Ukicheza juma zima, yote yako humo. Ukifika mwisho wa sidii ya kwanza, ukatoka, ukafungua FF8-2.cue, emuleta inatafuta FF8-2.srm, haiikuti, inakutengenezea kadi mpya tupu. Sidii ya pili inauliza uliyoyafanya, kadi inajibu kwamba hakuna lolote. Yule kijana wa kwa fundi alikutana na hili. Ukifungua FF8.m3u, kadi ni FF8.srm, na itabaki hiyohiyo kuanzia sidii ya kwanza hadi ya nne. Kwa Resident Evil 2 ndiyo njia ya kumfikisha Claire kwenye usiku wa Leon, ingawa hapo hakuna wakati wowote ambapo gemu litakuomba ubadilishe sidii katikati.

Kuna kusevu kwa namna nyingine, kule kwa emuleta yenyewe, kunakogandisha gemu lilivyo wakati huo na kulirudisha hapohapo. Watu wa vijijini wanapenda kusevu huko kwa haki, maana umeme ukikatika na chaji ikiwa asilimia tatu hakuna muda wa kutafuta sehemu ya kusevu ndani ya hadithi. (Kinaya ni kwamba mitambo ya maji ya Hale na New Pangani, kwenye Mto Pangani, haiko mbali na Sindeni.) Kutumie, lakini usikutegemee wakati wa kubadilisha sidii. Picha hiyo iliyogandishwa inakumbuka pia diski iliyokuwa ndani wakati ule, na ukiirudisha baada ya kubadilisha unaweza kujikuta na gemu lililochanganyikiwa. Gemu likikupa nafasi ya kusevu kwenye kadi kabla ya sidii mpya, na mengi hufanya hivyo, ichukue.

Sasa asili ya sidii zenyewe. Kila sidii ya PlayStation ina namba yake, na namba hiyo hueleza ilitengenezwa kwa soko gani. Za Marekani huanza na SCUS au SLUS, za Ulaya SCES au SLES. Final Fantasy VII ya Marekani ni SCUS-94163, 94164 na 94165, zinafuatana. Ya Ulaya ni SCES-00867, kisha 10867 na 20867. Hubadilika tarakimu ya mbele tu. Anayekusanya sidii moja kwa rafiki na nyingine kwa muuzaji mwingine aangalie namba hizi kabla ya kupoteza bando, kwa sababu sidii ya kwanza ya Ulaya na ya pili ya Marekani ni hatari kuziweka mstari mmoja; gemu linaweza kuikataa ngeni.

Sidii halali zilizokuja Afrika Mashariki kwa kawaida zilikuwa za mfumo wa PAL, kama televisheni zetu, na PAL ina mambo yake mawili. Picha huenda mara 50 kwa sekunde badala ya 60, na gemu ambalo halikurekebishwa huenda polepole kwa karibu asilimia 17. Na baadhi ya gemu za Ulaya, Final Fantasy VIII na IX zikiwemo, zilitiwa kinga iitwayo LibCrypt, ambayo haimo kwenye bin ya kawaida. Huhitaji faili dogo la ziada lenye mkia wa sbi, jina sawa na la cue, moja kwa kila sidii. Likikosekana gemu huanza vizuri kabisa, likukubalie kwa muda, kisha ligande mahali ambapo hakuna sababu ya kugandia. Watu wameilaumu simu kwa kosa la faili dogo lisilofika hata kilobaiti moja.

Bayosi nayo ni lazima itajwe, ingawa kwa ufupi. Ni programu ya kuwashia mashine, kilobaiti 512, na ni mali ya Sony. Kwa sidii za Ulaya emuleta nyingi hutafuta ya modeli SCPH-5502. PCSX ReARMed, emuleta ya ndani ya RetroArch ambayo ndiyo ningemshauri mwenye simu ya bei nafuu, inaweza kwenda bila bayosi, lakini kwenye kubadilisha sidii na kusoma kadi hainisumbui sana ikiwa na bayosi halisi. Kuhusu uhalali: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua dhidi ya Sony katika kesi yake na Connectix, watengenezaji wa emuleta, ikaweka wazi kwamba kutengeneza emuleta kwenyewe si kosa. Kugawa gemu za watu ni jambo jingine, na huku kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA huisimamia. Mwenye sidii zake kabatini, kompyuta yenye kisomeo cha DVD na programu kama ImgBurn anaweza kuzinakili mwenyewe nyumbani.

Nafasi ndiyo kikwazo cha mwisho. Gemu la sidii nne hula gigabaiti mbili hadi tatu, na kwa simu yenye gigabaiti 32 ambazo nusu yake ni mfumo, hilo ni jambo la kukaa na kufikiri. Waandishi wa emuleta ya MAME walitengeneza mkia uitwao CHD, unaobana sidii bila kupoteza baiti hata moja na kugeuza jozi ya bin na cue kuwa faili moja. Kazi hiyo hufanywa na programu yao chdman kwenye kompyuta, kwa amri moja kwa kila sidii:

chdman createcd -i FF8-1.cue -o FF8-1.chd

Stesheneri yenye kompyuta inatosha, mradi mwenyewe akuruhusu. Ukimaliza, mistari ya m3u unaibadilisha isomeke chd badala ya cue. Ukisahau, emuleta itatafuta mafaili uliyokwisha kuyafuta. Unaweza pia kukutana na PBP, umbo lililotoka kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ambalo huweza kubeba sidii kadhaa ndani ya faili moja bila m3u. Ni zuri kwa kurushiana kwa Xender, maana hakuna faili dogo la kusahau nyuma. Mimi hubaki na CHD, kwa sababu ikiharibika sidii moja narudia hiyo tu.

Kabla hujaanza hadithi yoyote ndefu, fungua m3u, ingia kwenye udhibiti wa diski, uhesabu. Ukiona diski nne, anza. Ukiona moja, kuna kitu kimekosewa kwenye m3u, na ni afadhali kulijua sasa kuliko baada ya mwezi.

Na kwa aliyekwisha kukwama: toka kwenye gemu kabisa, ingia folda ya saves ya RetroArch. Utakuta FF8-1.srm, na pengine FF8-2.srm, ile tupu. Nakili ya kwanza pembeni kwa usalama. Kisha nakala nyingine uiite FF8.srm, sawa na jina la m3u yako. Fungua m3u, chagua kuendelea kutoka kwenye kadi, na kila ulichosevu kitakuwepo, hadi ile sehemu ya mwisho kabla ya ombi la sidii. Cheza dakika zile chache tena. Skrini ikiwa nyeusi: toa, chagua mbili, ingiza.